Kitanda cha ndegeni si kinga ya damu kuganda

JIRANI yangu, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 67, alikuwa akijiandaa kwenda Marekani kumwona mjukuu wake wa kwanza wakati bintiye alipompigia simu kutoka New Jersey. "Mama, hutakaa umebanwa muda wote huo," akamwambia. "Nimekukatia tikiti ya daraja la biashara. Huko utalala kitandani, na damu haitakugandia miguuni."

Tikiti hiyo haikununuliwa kwa pesa taslimu. Binti alikuwa ameweka pointi za usafiri kwa miaka sita, nyingine kutokana na safari zake za kikazi na nyingine kupitia kadi ya benki, hadi zikatosha kiti kimoja cha kwenda. Mama akasafiri. Alipewa kiti kinachokunjuka kikawa kitanda, pamoja na blanketi zito na mto. Akameza tembe ya usingizi aliyopewa na rafiki yake wa kanisani, akalala muda wa saa tisa bila hata kugeuka. Aliposhuka New York alikuwa mchangamfu kuliko waliokwenda kumpokea.

Siku ya nane shavu la mguu wake wa kushoto lilianza kuuma na kuvimba. Yeye alidhani ni maumivu ya kawaida ya uzee, akamwomba bintiye amkande kwa mafuta ya moto. Bahati nzuri binti alikataa, akampeleka hospitalini. Picha ya altrasaundi ilionyesha donge la damu katika mshipa wa ndani wa mguu.

Hakuna daktari awezaye kuapa kwamba ni safari hiyo iliyomletea donge lile, kwani mtu wa umri wake anaweza kulipata hata akiwa nyumbani kwake. Hata hivyo, kisa hiki kinaonyesha imani iliyoenea miongoni mwa wasafiri wetu: kwamba kuganda kwa damu ni ugonjwa wa wale wanaoketi nyuma ya ndege, na kwamba mwenye pesa, au pointi, za kuketi mbele amekwisha kujikinga.

Damu huganda vipi?

Moyo husukuma damu hadi kwenye vidole vya miguu, lakini nguvu hizo huwa zimepungua sana damu inapoanza safari ya kurudi juu kupitia vena. Kazi ya kuipandisha hufanywa kwa kiasi kikubwa na misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, misuli hiyo hubana vena na kuisukuma damu juu, nazo vali ndogo zilizomo ndani ya vena huizuia isirudi chini. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huiita misuli hiyo moyo wa pili.

Mtu akikaa bila kutembea kwa saa nyingi, moyo huo wa pili hulala. Damu hutuama miguuni. Ukingo wa kiti nao hubana mishipa iliyo nyuma ya goti lililokunjwa. Daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alieleza tangu karne ya 19 kwamba donge huletwa na mambo matatu: damu kwenda polepole, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi ya kuganda. Safari ndefu huleta hilo la kwanza. Hayo mengine mawili mara nyingi abiria huingia nayo ndegeni, bila ya yeye mwenyewe kujua.

Donge likibaki mguuni huleta uvimbe na maumivu. Hatari kubwa ni pale kipande chake kinapomeguka, kikapanda na damu hadi moyoni, kisha kikaziba mshipa wa mapafu. Mtu huweza kufa kwa dakika chache.

Jina lililopotosha wengi

Jambo hili halikuanza na ndege. Mwaka 1940, mabomu yalipokuwa yakinyesha jijini London, daktari Keith Simpson aliandika kuhusu watu waliokufa kwa madonge ya mapafuni baada ya kukesha katika mahandaki wakiwa wamekaa kwenye viti vya turubai. Mwaka 1954 daktari Mmarekani, John Homans, alieleza visa vya watu walioganda damu baada ya kukaa muda mrefu, wakiwemo waliotoka safarini kwa ndege.

Baadaye, katika miaka ya 1970, wataalamu wakaanza kuuita ugonjwa wa daraja la ekonomi, na jina hilo likashika. Vifo kadhaa vya wasafiri vilivyotangazwa sana magazetini mwaka 2000 vililitia nguvu zaidi. Mwaka huo huo British Airways iliweka vitanda vinavyonyooka kabisa katika daraja lake la biashara, na mashirika mengine yakafuata. Basi watu wakaunganisha mambo hayo mawili wenyewe: nyuma kuna ugonjwa, mbele kuna kitanda.

Utafiti haukuunga mkono hesabu hiyo. Mwaka 2003 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya kuwalinganisha abiria karibu 900 wa madaraja hayo mawili, na hawakuona kwamba walioketi daraja la biashara walikuwa salama kuliko wenzao. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipotoa mwongozo wake kuhusu madonge ya damu, kilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba daraja la ekonomi lenyewe ndilo linaloleta ugonjwa. Kilichotajwa kuwa na hatari zaidi ni kiti cha dirishani. Sababu ni rahisi. Aliyeko dirishani huona haya kuwaamsha wenzake wawili ili apite, basi huvumilia hadi mwisho wa safari.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya mwaka 2007, lilisema kwamba safari ya zaidi ya saa nne huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, iwe ni kwa ndege, gari, basi au treni. Msomaji anayepanda basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Kampala na kujifunika shuka hadi mpakani hana tofauti na aliye angani. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kuuita huo ugonjwa wa basi.

Tusitiane hofu, lakini. Ripoti hiyo hiyo ilikadiria kwamba, kwa msafiri wa zaidi ya saa nne, anayepatwa ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Madonge mazito ya kumwangusha mtu pale pale uwanjani ni machache zaidi. Katika uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, watafiti walihesabu visa vyote vya madonge ya mapafuni vilivyotokea watu wakishuka ndegeni kati ya 1993 na 2000. Waliokuwa wamesafiri zaidi ya kilomita 10,000 walipatwa watu wasiofika 5 katika kila milioni. Waliosafiri chini ya kilomita 5,000 walikuwa karibu hakuna kabisa. Kutoka Nairobi hadi New York, njia ambayo Kenya Airways ilianza kuiruka moja kwa moja mnamo Oktoba 2018, ni karibu kilomita 11,800, na mtu hukaa angani kiasi cha saa 14 au 15.

Kitanda kinasaidia nini, basi?

Si haki kusema kwamba kiti cha mbele ni fahari tupu. Miguu ikilazwa sawasawa na moyo, damu haina mlima wa kupanda, kwa hivyo ule uvimbe unaomfanya abiria ashindwe kuvaa viatu akifika hupungua sana. Mtu mwenye magoti mabovu hapati mateso ya kuyakunja usiku kucha. Mwenye maumivu ya mgongo hupumzika. Na usingizi ni afya, hasa kwa mtu anayeshuka ndegeni asubuhi na kuingia kazini, au kuendesha gari katika barabara asizozijua.

Lakini mtu aliyelala kama gogo kwa saa tisa hajatumia misuli ya miguu. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Divai ya bure hutolewa mapema, tembe ya usingizi hufuata, na mwili huwa kama umewekwa sandukuni. Tembe hizo hasa ni za kuogopwa, kwa sababu aliyelala kwa dawa hageuki-geuki kama aliyelala usingizi wake wa kawaida. Kuzipokea kutoka kwa rafiki ni kosa jingine tena, maana hazikupimiwa wewe.

Kitanda pia hakibadilishi hewa. Abiria wote hupumua hewa ile ile kavu, ambayo unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20. Shinikizo la hewa katika ndege nyingi ni kama la mtu aliye kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Hapa mkazi wa Nairobi ana nafuu kidogo, kwani jiji lake liko karibu mita 1,800 juu ya bahari na mwili wake umezoea. Mzee wa Mombasa mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu hana nafuu hiyo, na yafaa amwone daktari kabla ya safari, hata kama atalala kitandani. Vivyo hivyo mgonjwa wa selimundu.

Wala kitanda hakiponyi uchovu wa kubadilisha saa. Kati ya Nairobi na New York kuna tofauti ya saa 7 au 8 kutegemea majira, na mwili husogeza saa yake kwa kadiri ya saa moja kwa siku. Mwangaza wa jua wa huko uendako ndio dawa yake kubwa.

Kuhusu pointi zenyewe

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuzitumia, pointi za ndege hazitofautiani sana kimsingi na Bonga Points tunazopata kwa simu za Safaricom. Unasafiri au unalipa kwa kadi inayoshirikiana na shirika la ndege, jina lako linaandikiwa pointi, na zikitosha unabadilisha kwa tikiti au kwa kupandishwa daraja. Kenya Airways ina mpango wake uitwao Asante Rewards, na mashirika mengine makubwa yanayotua JKIA yana mipango yao.

Mambo machache huwashtua watu. Tikiti ya pointi si ya bure kabisa, kwani kodi na ada za uwanja hulipwa kwa pesa, na mashirika mengine huongeza ada zao ambazo si ndogo. Viti vya mbele vinavyotolewa kwa pointi ni vichache na huisha mapema, kwa hivyo anayetaka kusafiri Desemba aanze kutafuta karibu mwaka mzima kabla. Si kila tikiti ya ekonomi inayokubali kupandishwa daraja. Pointi nyingi hufa zisipotumiwa. Kwa kawaida unaweza kumkatia mzazi wako tikiti kwa pointi zako, lakini kununua pointi kwa watu wa mitaani ni marufuku, na abiria anaweza kufutiwa tikiti. Na aliye na deni la kadi linalozaa riba kila mwezi kwa ajili ya kukusanya pointi, huyo analipia kitanda hicho mara mbili.

Swali la afya ni hili: kama pointi zinatosha mtu mmoja tu katika familia, apewe nani? Mimi ningempa asiyeweza kukunja magoti, mwenye moyo dhaifu ambaye miguu yake huvimba, au mtu mrefu sana. Watafiti wameona kwamba watu wenye kimo cha zaidi ya mita 1.90 huganda damu safarini kuliko wengine, na pia wale wafupi walio chini ya mita 1.60, ambao huenda miguu yao huning'inia na kubanwa na ukingo wa kiti. Kijana mzima wa afya ambaye hofu yake ni damu kuganda, na ambaye hana shida nyingine, anaweza kuketi nyuma kando ya njia na pointi zake akaziweka.

Kuna watu, hata hivyo, ambao daraja lolote haliwatoshi. Hao ni waliowahi kupata donge la damu, au ambao mzazi au ndugu yao aliwahi. Waliofanyiwa upasuaji majuzi, hasa wa nyonga au goti. Wagonjwa wa saratani. Akina mama wajawazito na waliojifungua karibuni. Wanawake wanaotumia tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya estrojeni. Na watu wanene kupita kiasi. Kuishi na virusi vya ukimwi pia huongeza hatari hiyo. Mtu wa namna hii aende kwa daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Huenda akaambiwa aahirishe, avae soksi maalumu au adungwe sindano ya heparini. Aliyeandikiwa sindano asije akaiacha nyumbani eti kwa kuwa amepata kitanda. Aspirini, ambayo watu wengi humeza kienyeji kabla ya kupanda ndege, haipendekezwi kwa kazi hii, na inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kutokwa damu.

Soksi hizo za kubana zinafika chini ya goti na hupatikana katika maduka makubwa ya dawa mijini. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2001, wasafiri waliozidi umri wa miaka 50 waligawanywa makundi mawili. Kati ya 116 wasiovaa soksi, 12 walikutwa na madonge madogo yasiyo na dalili. Waliovaa hakukuwa na hata mmoja. Tafiti za namna hiyo zikijumlishwa, za zaidi ya watu 2,900, zimethibitisha faida hiyo. Soksi ziwe za kipimo chako, zenye kubana kwa milimita 15 hadi 30 za zebaki kifundoni, na zivaliwe asubuhi kabla miguu haijavimba. Mwenye kisukari kilichoharibu mishipa ya miguu asizivae bila kumwuliza daktari.

Mengine hayana gharama. Kila saa moja au mbili amka utembee hadi choo cha nyuma na kurudi. Ukiwa umeketi, inua visigino huku vidole vikibaki sakafuni, kisha kinyume chake, mara 20 au 30. Ukilala kitandani cha mbele, fanya hivyo hivyo kila unapozinduka, na umwombe mhudumu akuamshe mara moja katikati ya usiku. Watakushangaa kidogo lakini watakuamsha. Usiweke mkoba miguuni. Kunywa maji kwa sababu hewa ni kavu. Hakuna ushahidi mkubwa kwamba maji pekee huzuia donge, lakini anayekunywa maji hulazimika kwenda msalani, na huko ndiko kutembea tunakokutaka.

Dalili za kuangalia ukifika

Hatari haishii uwanja wa ndege. Ni kubwa zaidi katika wiki mbili za kwanza, kisha hupungua hadi kwisha baada ya wiki nane hivi. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa na kurudi hali yake baada ya siku moja au mbili, kwa kawaida si jambo la kuogopa. La kuogopa ni mguu mmoja kuvimba, kuuma kwenye shavu au paja, na kuwa na joto. Vitabu vya wazungu husema mguu huwa mwekundu, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Shika miguu yote miwili kwa viganja ulinganishe joto, kisha chukua utepe wa fundi cherehani upime mzunguko wa kila shavu.

Mguu wa namna hiyo usikandwe wala kuchuliwa, kwa kuwa donge linaweza kumeguka. Ukipungukiwa na pumzi ghafula, kifua kikachoma unapovuta hewa, ukakohoa damu au kuzirai, hapo ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Mwambie daktari kwamba umetoka safarini hata kama hakukuuliza. Bila kujua hilo, ni rahisi mtu kutibiwa nimonia kwa siku tatu.

Jirani yangu alitibiwa kwa dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu, akimlea mjukuu huku akichovya vidole mezani akihesabu tembe zake. Daktari alipomruhusu kurudi Nairobi, pointi za bintiye zilikuwa zimebaki chache, zisizofikia kitanda. Alirudi kwa daraja la ekonomi, kiti cha kando ya njia, soksi zikiwa zimembana hadi magotini, na anasema wahudumu walikwisha kulijua jina lake kabla ndege haijafika nusu ya safari, kwa jinsi alivyokuwa akipita-pita.